Ng'ombe Akifunga Choo: Pale Dawa za Miti Zinaposaidia na Pale Zinapochelewesha

Somo kwa kaya za wafugaji wa Wampembe na mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi



Somo hili linahusu jambo ambalo kila boma limewahi kuliona: ng'ombe anasimama pembeni, hali vizuri, na kinyesi chake ni kigumu, kidogo, au hakipo kabisa. Wengi wetu tunajua la kufanya kwa desturi. Tunachemsha majani au magome, tunatia chupani, tunamnywesha. Mara nyingi anapona. Mara nyingine anakufa, nasi tunasema dawa ilikuwa haba au ilichelewa kuchemshwa.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kutambua kama mnyama amefunga choo kwa sababu ya malisho, au kwa sababu ya ugonjwa;
- kuchagua dawa ya nyumbani isiyomdhuru, na kumnywesha bila kumpalia;
- kujua ni siku gani na kwa dalili gani uache dawa ya miti na umwite mtaalamu wa mifugo.

Ng'ombe wawili, chupa moja

Tuchukue mfano. Boma moja lina ng'ombe wawili waliofunga choo wiki moja. Wa kwanza ni jike mzee aliyekuwa akila mabua ya mahindi mwezi mzima. Wa pili ni maksai wa plau, mwenye nguvu, aliyenunuliwa mwezi uliopita kutoka nchi ya juu, Ufipa, na kushushwa hapa mwambaoni. Mzee wa boma anachemsha dawa moja na kuwanywesha wote wawili.

Kesho yake jike anatoa kinyesi, anakula, anacheua. Dawa imesifiwa. Maksai hajapata choo, basi anaongezwa chupa ya pili, na siku ya tatu chupa ya tatu. Siku ya nne asubuhi amelala, macho yamegeuka rangi, na jioni amekufa. Plau imebaki na ng'ombe mmoja, na msimu wa kulima ndio huo unaanza.

Dawa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni sababu. Jike alikuwa amekaukiwa na chakula tumboni. Maksai alikuwa na ndigana baridi, ugonjwa wa kupe unaoharibu damu, na moja ya dalili zake kubwa ni kufunga choo. Zile siku tatu za chupa ndizo zilikuwa siku zake za kutibiwa.

Kwa hiyo shika neno hili kabla ya mengine yote: kufunga choo ni dalili. Dawa ya miti inaweza kulainisha kinyesi, lakini haiui vijidudu vilivyo ndani ya damu.

Kinyesi kinatueleza nini

Ng'ombe mzima hutoa kinyesi mara kumi au zaidi kwa usiku na mchana. Kinyesi kizuri huanguka na kutandaa kama uji mzito, kikafanya duara. Mbuzi na kondoo hutoa punje ndogo, laini kiasi, zinazong'aa.

Mnyama aliyefunga choo utamjua hivi:
- kinyesi ni kikavu, cheusi, kimejipanga kama mikate midogo iliyobandikana;
- wakati mwingine kimefunikwa na utelezi mweupe au uzi wa damu;
- anajikamua na kuinua mkia bila kutoa kitu;
- anapunguza kula na kucheua, na maziwa yanapungua.

Watu wanaoona haya mapema ni mtoto anayechunga na mama anayekamua. Wafundishe watoto kutazama kinyesi cha kila mnyama wanapofungua zizi asubuhi, na wasione aibu kusema. Taarifa ya asubuhi moja inaweza kuokoa ng'ombe.

Angalia kwanza yafuatayo, ili usitibu kisichokuwepo

Kuna hali nne zinazofanana na kufunga choo lakini ni mambo mengine.

*Kuvimbiwa.* Ubavu wa kushoto umejaa, ukiupiga kwa vidole unalia kama ngoma, na mnyama anahema kwa shida. Hii ni dharura ya saa moja au mbili. Mwite mtaalamu mara moja.

*Mkojo kuziba.* Beberu au kondoo dume anayejikamua, analia, na kutoa matone tu ya mkojo, huenda ana vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimpa dawa ya kuharisha unamwongezea maumivu. Mtazame akiwa anakojoa kabla ya kuamua.

*Kuzaa.* Jike mwenye mimba kubwa anayejikamua huenda uchungu umeanza. Tazama chuchu, na tazama kama kuna ute unaotoka ukeni.

*Utumbo uliojisokota au kuziba.* Mnyama anapiga tumbo kwa mguu, analala na kuinuka, hatoi kinyesi bali utelezi wenye damu tu. Huyu usimnyweshe kitu chochote cha kuharisha. Utumbo uliozibwa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka.

Sababu zinazotokana na malisho

Ng'ombe ana matumbo manne. Katika tumbo la kwanza majani huloweshwa na kuchachushwa. Tumbo la tatu, lile lenye kurasa kama kitabu, hukamua maji. Chakula kikiwa kikavu mno na maji yakiwa machache, mzigo hukaukia njiani na kusonga polepole. Ndiyo maana kufunga choo kwa malisho huonekana zaidi kiangazi, kuanzia mavuno hadi mvua za Novemba.

Sababu tunazoziona zaidi ni hizi:

1. *Mabua na majani makavu bila maji ya kutosha.* Wakati wa joto ng'ombe mkubwa anahitaji lita 30 hadi 50 za maji kwa siku, sawa na ndoo mbili kubwa au zaidi. Sisi wa mwambaoni tuna ziwa mbele yetu, lakini kundi linalochungwa vilimani na kunyweshwa mara moja kwa siku mbili linaweza kukauka huku maji yakionekana kwa macho.

2. *Kukosa chumvi.* Asiyepata chumvi hunywa maji kidogo, na huanza kulamba udongo na kutafuna mifupa na vitambaa.

3. *Nyavu, kamba na mifuko.* Hili ni la kwetu sisi tunaoishi karibu na mialo ya dagaa. Kipande cha wavu wa nailoni chenye harufu ya samaki na chumvi humvutia ng'ombe. Akikimeza hakiyeyuki. Kinajikunja tumboni na kukusanya majani hadi kiwe donge. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini mabaki yake na vifungashio vingine bado vimo majalalani. Donge la wavu haliondolewi na dawa ya miti wala dawa ya dukani. Daktari wa mifugo pekee anaweza kulitoa, kwa kupasua.

4. *Ndama mchanga.* Kinyesi cha kwanza cha ndama ni cheusi na chenye kunata. Kinachokifungua ni maziwa ya mwanzo, yaani dang'a. Ndama apate dang'a ndani ya saa sita tangu kuzaliwa. Hakuna mti unaoshinda dang'a. Ndama akipitisha siku nzima bila choo, inua mkia utazame: wengine huzaliwa bila tundu la haja, na hao wanahitaji mtaalamu.

Sababu zinazotokana na ugonjwa

Homa yoyote kali hukausha kinyesi, kwa sababu mnyama hali, hanywi, na matumbo yanalegea. Lakini magonjwa mawili ya kupe yajue kwa majina.

*Ndigana baridi.* Huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu. Hueneza zaidi na kupe wa bluu, lakini pia kwa sindano, kisu cha kuhasi au cha kukata pembe kilichotumika kwa mnyama mgonjwa. Dalili huanza kwa kawaida wiki mbili hadi sita baada ya kuambukizwa. Mnyama ana homa, anadhoofu haraka, kinyesi ni kigumu na cheusi, kope za ndani zinakuwa nyeupe kisha njano. Mkojo hauwi mwekundu. Jike mwenye mimba anaweza kuitoa.

Ndigana baridi huwatesa wakubwa kuliko ndama. Ndama akiupata mapema mara nyingi huugua kidogo na kubaki na kinga. Ng'ombe mkubwa aliyekulia mahali penye kupe wachache, akishushwa ghafla penye kupe wengi, hana kinga hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule maksai wa mfano wetu. Kwa hiyo mnyama mgeni akifunga choo ndani ya wiki sita za kwanza, mshuku ndigana kabla ya kushuku mabua.

*Ndigana kali.* Huenezwa na kupe wa kahawia wanaokaa masikioni. Mitoki iliyo chini ya masikio na mbele ya bega huvimba, homa hupanda, mnyama hukohoa na kutoa povu. Mwanzoni anaweza kufunga choo, baadaye akaharisha. Huu huua ndama wengi, na dawa yake hufanya kazi ikitolewa mapema.

Vipimo vitatu vya dakika kumi

Fanya hivi kabla ya kwenda kuchuma majani.

*Kwanza, pima joto.* Nunua kipimajoto. Kaya tatu au nne zinaweza kuchangia kimoja. Kitikise kama ni cha kioo, kipake mafuta, kiingize kwenye njia ya haja kubwa kiguse ukuta wa utumbo, ushike kwa dakika mbili. Pima asubuhi kabla ya jua kali. Joto la kawaida la ng'ombe mkubwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Likifika 39.5 pima tena baada ya saa chache. Likifika 40 au zaidi, ana homa. Mbuzi na kondoo wana joto la juu kidogo kuliko ng'ombe. Kwao nyuzi 39.5 ni kawaida. Kugusa masikio kwa mkono kunadanganya, hasa mchana.

*Pili, funua kope la chini la jicho.* Mnyama mzima ana rangi ya waridi. Nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua. Njano maana yake damu inaharibika. Kwa jike unaweza kuangalia pia ngozi ya ndani ya uke.

*Tatu, sikiliza tumbo.* Bonyeza ngumi ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, usubiri dakika mbili. Tumbo linalofanya kazi litasukuma ngumi yako walau mara mbili. Likikaa kimya kabisa, au likiwa gumu kama unga uliokandwa, mzigo umekwama.

Sasa amua:
- Hana homa, kope ni la waridi, tumbo linasogea, na amekuwa akila vikavu: unaweza kuanza na dawa ya nyumbani.
- Ana homa, au kope ni jeupe au njano, au mitoki imevimba: mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kuona kama chupa itafanya kazi.
- Hana homa, lakini tumbo liko kimya kabisa au gumu: mpe maji tu, na mwite mtaalamu.

Dawa za nyumbani zisizo na hatari kubwa

*Maji, chumvi na majani mabichi.* Hii ndiyo dawa ya kwanza, na bila hii nyingine hazifai kitu. Mpe maji safi wakati wowote anaotaka. Asiponywa mwenyewe, mnyweshe taratibu maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja kikubwa kwa lita tano. Mpe matembele, majani mabichi ya kando ya mto, au mgomba uliokatwa vipande vidogo. Mgomba umejaa maji na ng'ombe wanaupenda. Mtembeze polepole asubuhi na jioni.

*Mafuta ya kula.* Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa kule juu Ufipa, mafuta ya karanga, au mawese yaliyopashwa moto kidogo yakawa majimaji. Hulainisha njia na hayachomi utumbo. Ng'ombe mkubwa mpe nusu lita. Mbuzi au kondoo mkubwa, na ndama aliyekwisha kuanza kula majani, mililita 100. Mpe mara moja. Kama hajapata choo kesho yake, rudia mara moja tu. Tumia mafuta mabichi ya kula, wala si yaliyokwisha kukaangia samaki.

*Ukwaju.* Nyama ya ukwaju hulainisha choo kwa upole, kwa binadamu na kwa mifugo. Loweka robo kilo katika lita mbili za maji ya vuguvugu usiku kucha, kamua, chuja mbegu na nyuzi, mpe ng'ombe mkubwa asubuhi. Usizidishe siku mbili.

Zaidi ya hizo, duka la dawa za mifugo huuza chumvi ya haluli. Ng'ombe mkubwa hupewa gramu 250 hadi 500 zilizoyeyushwa katika maji mengi. Chumvi hii huvuta maji mwilini kuyaleta tumboni, kwa hiyo usimpe mnyama ambaye hajanywa, macho yamedidimia na ngozi ukiivuta inachelewa kurudi. Kwanza maji, kisha haluli. Ndama na jike aliye karibu kuzaa, uliza mtaalamu.

Miti ya kuiogopa

Kuna miti tunayoiheshimu kwa sababu ina nguvu. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake.

*Shubiri mwitu.* Utomvu wa njano unaotoka jani linapokatwa huchoma utumbo mkubwa na kuulazimisha kusukuma. Aina za shubiri ni nyingi na ukali wake hutofautiana, hata jani la masika na la kiangazi si sawa. Kijiko kilichomponya ng'ombe wa jirani kinaweza kumharisha wako hadi aishiwe maji. Zamani huko Ulaya matabibu wa farasi waliitumia sana, lakini kwa wanyama wanaocheua haikuaminika, kwa sababu huchanganyika katika tumbo kubwa la kwanza na hakuna ajuaye itafanya kazi lini. Wenye subira kidogo huongeza chupa ya pili, kisha zote mbili hufanya kazi pamoja. Usimpe kamwe jike mwenye mimba: inaweza kumtoa ndama. Usimpe anayenyonyesha wala ndama.

*Mbarika*, ambao wengine huuita mnyonyo. Mbegu zake zina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yaliyosafishwa na kuuzwa dukani hayana sumu hiyo, lakini mbegu zilizotwangwa nyumbani zinayo, na mashudu yake pia. Mnyama huanza kuharisha damu saa kadhaa baadaye, kisha huanguka. Sumu hii haina dawa ya kuiondoa. Usitwange mbegu za mbarika kumpa mnyama, na usiziache watoto wakachezea.

*Mbono kaburi*, ule unaopandwa kama uzio. Mbegu zake nazo ni sumu kwa mifugo na kwa watu.

Vingine ambavyo si miti lakini hutiwa chupani: mafuta ya taa, oili ya injini, sabuni ya unga, ugoro. Vyote vinaweza kumdhuru mnyama. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni huua.

Na jambo moja la jumla: usichanganye. Ukichemsha miti mitano pamoja hujui upi ulisaidia na upi ulidhuru, na mtaalamu akija huwezi kumwambia mnyama amekula nini.

Namna ya kunywesha

Mnyama anaweza kufa kwa unyweshaji mbaya ingawa dawa ni nzuri. Dawa ikipita kwenye njia ya hewa, mapafu huoza. Mafuta ni hatari zaidi kwa sababu mnyama huchelewa kukohoa.

1. Mfunge au mshike akiwa amesimama. Aliyelala ubavu, au asiyeweza kumeza, usimnyweshe.
2. Inua kichwa kiasi tu, pua iwe sawa na macho. Usikielekeze juu mbinguni.
3. Tumia chupa ngumu ya plastiki yenye shingo ndefu. Ya kioo hupasuka mdomoni.
4. Ingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, mahali pasipo na meno. Usivute ulimi.
5. Mimina kidogo, acha ameze, mimina tena. Nusu lita ichukue dakika kadhaa.
6. Akikohoa, acha mara moja na umwachie ashushe kichwa.

Saa zako za kungoja

Andika au kariri saa uliyompa dawa. Kisha fuata kalenda hii:

*Baada ya saa 12:* pima joto tena. Homa ikitokea, mwite mtaalamu, dawa ya nyumbani imekwisha kazi yake.

*Baada ya saa 24:* awe ametoa kinyesi, hata kidogo. Kama hakuna lakini anakula na hana homa, rudia mafuta mara moja.

*Baada ya saa 48:* kama bado, usiongeze chupa yoyote. Mwite mtaalamu.

Unapopiga simu mwambie haya kwa mpangilio: umri na jinsia ya mnyama, alitoka wapi na lini, joto lake, rangi ya kope, kinyesi cha mwisho kilikuwa lini na kikoje, kama ana mimba, na kila ulichomnywesha. Taja na miti. Hatakucheka, na kama atafanya hivyo bado unahitaji kumwambia, kwa kuwa dawa nyingine zikikutana na miti hiyo zinaweza kumdhuru mnyama.

Mgonjwa wa ndigana baridi usimswage njia ndefu kumpeleka kwa mtaalamu. Damu yake imepungua, anaweza kuanguka njiani. Mweke kivulini, mpe maji na majani mabichi, mtaalamu aje. Dawa zipo: oksitetrasaiklini na imidokabu, zinazotolewa kwa kupima uzito wa mnyama. Usidunge kwa kukisia. Dozi ndogo haiponyi, na hujenga usugu. Baada ya sindano uliza ni siku ngapi maziwa na nyama visitumike, na uzifuate hizo siku.

Mnyama akifa, usimpasue kabla ya kutazama. Aliyekufa ghafla na kutoka damu isiyoganda puani au njia ya haja anaweza kuwa na kimeta, ambacho huua na watu. Usimguse, toa taarifa.

Jiandae kabla ya masika

Sisi wa Wampembe tunajua barabara ya kutoka Kitosi inavyokuwa mvua zikichanganya. Mtaalamu au dawa kutoka Namanyere vinaweza kuchelewa, na kupe nao huongezeka majira hayo hayo. Kwa hiyo mambo haya yafanyike kiangazi:

- Weka namba ya simu ya afisa mifugo wa kata kwenye simu mbili za nyumbani, si moja.
- Changieni kipimajoto. Mwenye nacho ajulikane.
- Weka lita moja ya mafuta ya kula ya akiba na kilo chache za chumvi.
- Katakata mabua, yanyunyizie maji ya chumvi kabla ya kulisha, changanya na majani mabichi yanapopatikana.
- Nywesha kila siku, mara mbili kwenye joto kali.
- Okota vipande vya nyavu na kamba, vichomwe au vifukiwe mbali na malisho. Zungumzeni na wavuvi; nao wana mbuzi.
- Ogesha au nyunyizia dawa ya kupe kwa ratiba, kila wiki wakati wa mvua, kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko cha dawa.
- Chemsha sindano na visu kati ya mnyama na mnyama.
- Ukinunua ng'ombe kutoka nchi ya juu, mtenge, mwogeshe, na umpime joto kila asubuhi kwa wiki sita.

Turudi kwa yule maksai

Siku ya kwanza angepimwa joto, kipimajoto kingesoma 40 au zaidi. Kope lingefunuliwa, lingeonekana limepauka. Mzee wa boma angekumbuka kwamba ni mgeni wa mwezi mmoja. Simu ingepigwa asubuhi hiyo, na jike mzee angepata mafuta yake na mgomba wake bila neno. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi, wala hayamwondolei mzee heshima ya dawa anazozijua. Mjuzi wa miti wa kweli ni yule anayejua pia ugonjwa ambao mti wake hauuwezi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika boma lako, nani huona kinyesi cha ng'ombe kila asubuhi? Anamwambia nani?
2. Mara ya mwisho ng'ombe wako alipofunga choo, ulijuaje sababu yake?
3. Ni miti gani mnayotumia hapa? Upi kati yake hamumpi jike mwenye mimba, na kwa nini?
4. Jike mwenye mimba ya miezi saba amefunga choo, joto ni 40.4, kope limepauka. Utafanya nini kwanza? Nini hutafanya?

Kumbuka

Pima joto, funua kope, kisha ndipo ufikirie chupa. Mnyama wa mabua mpe maji, mafuta na majani mabichi. Mnyama wa homa mwite mtaalamu leo. Saa 48 bila choo, usiongeze dawa ya miti. Mbegu za mbarika na mbono kaburi usizitumie kabisa, na shubiri isimguse mwenye mimba.